Muhogo wa leo au udaga wa siku nne?

Muhogo uliong'olewa asubuhi, udongo bado umeushika, ukiuvunja unalia "ko!" na ndani ni mweupe pe. Ukiwa wa aina tamu, hauna neno: menya, chemsha, kula. Una hata vitamini C, ambayo kwenye unga hubaki kidogo sana. Mchungu ndio kesi. Una sumu ya sayanaidi, na jinsi ulivyo mbichi ndivyo ulivyo hatari.

Udaga, yaani muhogo uliolowekwa kisha ukaanikwa ili usagwe unga, hauna sura ya kuvutia. Muhogo umelowekwa siku tatu nne, maji yanatoa povu na kunuka, mgeni anaziba pua. Lakini kazi yote iko humo: vijidudu vinaulainisha, sumu inaachiliwa, nyingine inatoka na maji, nyingine inapotelea juani. Wakati wa njaa watu hukatisha siku hizo, na hapo ndipo huingia konzo, ugonjwa wa kupooza miguu usiopona. Umeonekana Kongo, Msumbiji, na Tarime, kaskazini mwa Tanzania, miaka ya 1980.

Kwa chai ya asubuhi nachagua muhogo mtamu wa kuchemsha. Kwa ugali na dagaa, nipe udaga, harufu nimeshaizoea.