Vidonge vya majira na damu kuganda: kesi ya London na ile ya Illinois

Wanawake wa Uingereza na wenzao wa Marekani walidai jambo lilelile: vidonge vya majira viliwagandisha damu mishipani. Njia zao zikaachana.

London walikwenda hadi hukumu. Mwaka 2002 Jaji Mackay alitanguliza swali moja: je, vidonge vya kizazi cha tatu (aina mpya zaidi) viliongeza hatari angalau mara mbili kuliko vya kizazi cha pili (aina ya zamani zaidi)? Wataalamu wa takwimu wakavutana, jaji akapata takriban mara 1.7. Kwa kuwa haikufika mbili, wadai walishindwa na kesi ikaishia hapo. Kwangu hili linauma, maana hatari iliyozidi kwa asilimia 70 si kitu kidogo kwa mzazi aliyezika binti.

Illinois, kesi za Yaz na Yasmin, vidonge vya majira vya kampuni ya Bayer, zilikusanywa kuanzia 2009 mbele ya jaji mmoja wa shirikisho. Bayer haikukiri kosa, ila kufikia 2013 ilikuwa imekubali kulipa zaidi ya dola bilioni 1 kumaliza kesi kwa maridhiano.

Mgonjwa angekuwa dada yangu, ningemwambia aridhiane, mradi faili la hospitali lioneshe alianza vidonge lini na damu iliganda lini.