Miezi kumi ya fiziotherapia baada ya upasuaji wa ACL: uzoefu wangu

Nacheza mpira wa pete, nafasi ya ulinzi. Mwaka jana niliruka kukata pasi, nikatua kwa mguu mmoja, goti likaingia ndani, nikasikia "pa!". Picha ya MRI ikaonyesha ACL imekatika, yaani ligamenti ya katikati ya goti inayoshikilia mfupa wa paja na wa muundi. Daktari akaniundia nyingine kwa kano (kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa) aliyoichukua nyuma ya paja langu mwenyewe.

Kituo cha kwanza cha fiziotherapia sikipendekezi. Wiki tatu nzima nililala kitandani nimewekewa mashine ya umeme, nakandwa, narudi nyumbani. Goti halikunyooka, na magongo nilipoyaacha nilikuwa nachechemea.

Nikahamia kituo kidogo huku Sinza, Dar es Salaam. Fundi wa pale (samahani, mimi namwita hivyo kwa heshima) alinishika goti, akaniambia, "Dada, kukunja kutakuja. Kwanza tunyooshe." Taulo lililokunjwa chini ya kisigino, goti linaning'inia, dakika kumi, mara kadhaa kwa siku. Inauma, nililia. Pamoja na hilo, kukaza msuli wa mbele ya paja na kuinua mguu ukiwa umenyooka, maana baada ya upasuaji msuli ule hulala kabisa. Baadaye ndipo zikaja baiskeli, ngazi, kuchuchumaa na uzito, na mwezi wa nne baada ya upasuaji kukimbia polepole.

Mwezi wa sita sikuwa na maumivu wala uvimbe, timu ina mashindano, kocha anapiga simu kila siku. Fundi akachukua futi kamba, akaniambia niruke kwa mguu mmoja. Mguu mzima sentimita 130, uliopasuliwa 94. Asilimia 72! Yeye anataka 90 kwenda juu, na kabla ya miezi tisa hamruhusu mtu yeyote, kwa sababu kano iliyopandikizwa huchukua muda mrefu kugeuka kuwa ligamenti imara, hata kama wewe huhisi chochote. Nilikasirika sana siku ile. Lakini hata mwanasoka Virgil van Dijk aliumia ACL Oktoba 2020 akarudi kucheza Julai 2021, na yule ana klabu nzima nyuma yake.

Kasoro zipo. Shilingi 35,000 kwa kila kipindi ni nzito, na bima yangu ililipa sehemu tu. Mashine ya kusukuma uzito kwa miguu ni moja, jioni mnapanga foleni. Kilichoniokoa ni kwamba aliniandikia mazoezi ya nyumbani, nikawa namtumia video WhatsApp, hivyo kuanzia mwezi wa tatu nilikwenda mara moja tu kwa wiki.

Mwezi wa kumi: mguu mzima 132, uliopasuliwa 127. Nikaruhusiwa robo moja ya mchezo. Mpira wa kwanza wa juu niliuruka bila kufikiria, nikatua kwa mguu uleule.