Utitiri wa varoa kwenye kundi dogo: sukari ya unga au asidi ya oksaliki?
Mzinga wangu chini ya mkorosho, huku Masasi, una nyuki wa kufunika masega manne tu. Juzi nikaona nyuki kibarua mmoja ana utitiri wa varoa, kimelea cha nyuki, mgongoni, rangi ya kahawia nyekundu, umbo kama la kaa mdogo.

Sukari ya unga ni rahisi: unainyunyiza, miguu ya utitiri inakosa kushika, unaanguka. Lakini unaoanguka ni ule ulio juu ya nyuki wakubwa. Uliojificha na majana (watoto wa nyuki) ndani ya vijumba vilivyozibwa nta hauguswi, na baada ya siku chache hutoka na watoto wake. Mimi naiona ya kuhesabia zaidi kuliko kutibia. Halafu sisimizi! Unga ukimwagika chini, watafika kabla hujakunja neti yako.

Asidi inaua kweli. Gramu 35 kwa lita 1 ya maji ya sukari, mililita 5 kwa kila uwazi wenye nyuki kati ya masega. Kwangu haizidi mililita 20. Vaa glavu na miwani, maana inaunguza. Ila nayo haipenyi nta, na malkia wetu hutaga karibu mwaka mzima. Inafaa zaidi kundi likiwa limeingia mzingani karibuni, kabla halijaziba majana.

Ningelazimika kuchagua, asidi, jioni, mara moja. Lakini nyuki wa Kiafrika mara nyingi huhimili varoa bila dawa, na kundi dogo likisumbuliwa mno huhama. Kwa sasa chupa iko kabatini.