Kumwaga oili Mbeya: sheli, fundi wa mtaani au nyumbani?

Wengi wakianza kupiga hesabu ya kumwaga oili huanzia kwenye hela ya ufundi, na hapo hapo hesabu inaharibika. Mbeya hela ya ufundi ni ndogo. Mara nyingi haifiki bei ya lita moja ya oili nzuri, na maduka mengi ya oili yatakumwagia bure ukinunua kwao. Kwa hiyo anayejilaza mwenyewe mvunguni mwa gari haokoi pesa ya maana. Anachokipata ni uhakika wa mambo matatu: oili gani imeingia, imeingia kiasi gani, na nati ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, imekazwaje. Tunapima huduma zote kwa mambo hayo matatu. Mifano mingi ni ya Toyota zenye injini ya 1NZ-FE, yaani IST, Probox na ndugu zao, kwa sababu ndizo zilizojaa barabarani kuanzia Iringa hadi Tunduma.

Tuanze na sheli zenye shimo la servisi. Uzuri wake mkubwa ni sakafu. Gari linakaa sawa, fundi anasimama chini yake akiwa na mwanga, na kama sili ya krenki imeanza kuvuja au mpira wa draivu shafti umechanika, anaona palepale. Mitaa mingi ya Mbeya iko kwenye mteremko, kwa hiyo sakafu iliyonyooka ni kitu cha thamani. Tatizo la sheli ni haraka. Nati inafunguliwa, oili inashuka dakika mbili tatu, nati inarudi wakati uzi mwembamba wa oili chafu bado unadondoka. Halafu dumu la lita 4 linamiminwa lote. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, na 3.4 ukiiacha filta ya zamani. Ukijumlisha lita 4 na oili chafu iliyobaki kwenye sampu kwa haraka hiyo, stiki ya kupimia oili inasoma juu ya F, alama ya kujaa. Hiyo ziada ndogo haiui injini siku hiyo. Ikizidi sana, krenki inaanza kuichapa oili mpaka inatoa povu, na povu halibebi uzito wa beringi. Presha ya ndani nayo inasukuma oili kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye njia ya hewa, na gari linaanza kutoa moshi wa bluu ambao mwenye gari anadhani ni ringi zimekufa.

Mwambie fundi amimine lita tatu na nusu kwanza. Oili inayobaki utaondoka nayo kwenye dumu, na utaihitaji ya kuongezea.

Fundi wa mtaani ana sifa ambayo sheli haina: unaweza kusimama karibu naye, ukamwona, ukamuuliza. Ukimletea oili na filta yako, ukasubiri mpaka amalize, hii ndiyo huduma bora kuliko zote kwa mtu asiyetaka kuchafuka. Lakini kuna tabia tatu za kukataa bila aibu. Ya kwanza ni oili ya kupima kutoka kwenye pipa, ambayo hakuna anayeweza kukuonyesha daraja lake. Ya pili ni kupiga nyundo bisibisi ikatoboa filta ili izunguke. Wakati mwingine inachanika tu na kipande cha chini kinabaki kimeng'ang'ania. Ya tatu, mbaya kuliko zote, ni kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa. Oili ya zamani inatolewa, dizeli inamiminwa, injini inawashwa dakika kadhaa, kisha inatolewa ikiwa nyeusi tii na mwenye gari anafurahi kwamba uchafu umetoka. Dizeli haina utando wa kulinda beringi ikiwa inafanya kazi, na haitoki yote. Inayobaki kwenye njia za oili na kwenye kona za sampu inachanganyika na oili yako mpya na kuifanya nyepesi kabla hujatoka getini. Uchafu mzito uliobanduka nao unaweza kwenda kuziba chujio cha pampu. Injini yenye tope inasafishwa kwa kumwaga oili nzuri mapema zaidi, mara mbili au tatu mfululizo, kila baada ya kilomita elfu mbili hivi, na filta mpya kila mara.

Sasa oili yenyewe, kwa sababu hapa ndipo nyanda za juu zinapotofautiana na Dar es Salaam. Namba iliyo kabla ya herufi W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi. Inayofuata inaeleza uzito wake injini ikiwa imechemka, kwenye nyuzi 100. Mtu wa Kyela anaweza kutumia 20W-50 mwaka mzima na asione kitu. Asubuhi ya Julai hapa Mbeya, au Makete ambako barafu huonekana kwenye majani, 20W-50 ni nzito kwelikweli. Gari litawaka, ndiyo, lakini taa ya oili inachelewa kuzimika, na sekunde hizo ndizo zinazokula injini, kwa kuwa kamu na beringi zinazunguka kabla oili haijazifikia. Injini za VVT-i, yaani zenye mfumo wa Toyota wa kubadilisha muda wa vali kwa presha ya oili, zina vijia vyembamba na chujio dogo mbele ya vali ya kuongozea oili. Zimetengenezwa kwa ajili ya oili nyepesi. Kwa 1NZ-FE nunua 5W-30 yenye daraja la API SN au SP, herufi za ubora zilizoandikwa kwenye dumu. Kama injini imechoka na inakula oili, panda hadi 5W-40 au 10W-40. Ushauri wa «injini ya zamani inataka oili nzito namba 40», yaani ile isiyo na namba ya W, unaleta shida mpya asubuhi ili kuficha shida ya zamani mchana.

Kuna jambo la msimu wa baridi linalowatisha watu bure. Unafungua kifuniko cha oili unakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa. Fundi mmoja atakwambia gasketi ya silinda hedi imekufa. Kabla ya kumpa gari, vuta stiki. Kama oili kwenye stiki ni safi, haina weupe, na maji ya rejeta hayapungui, hiyo ni unyevu tu. Gari linalotoka Sokomatola kwenda Mafiati na kurudi halichemki vya kutosha kuukausha mvuke ulioganda ndani ya kifuniko. Lipeleke safari ndefu, kwa mfano Chimala, kisha angalia tena. Ukikuta weupe kwenye stiki yenyewe, hapo usiwashe tena.

Kwa sababu hiyo hiyo, safari fupi za mjini ni kazi ngumu kwa oili, sawa na vumbi la njia za machimbo ya Chunya na milima kama Kitonga. Oili ya kawaida, mwaga kila kilomita 5,000. Ya sinthetiki kamili inafika 7,000 au 8,000 katika mazingira yetu. Usingoje 10,000 zilizoandikwa kwenye dumu. Usipofikisha kilomita hizo ndani ya mwaka, mwaga hata hivyo.

Ukiamua kufanya nyumbani, vifaa ni vichache: spana ya pete namba 14, kikombe cha kufungulia filta cha mm 65, jeki, stendi mbili za chuma, karai linalobeba zaidi ya lita 5, faneli na glovu. Spana ya mdomo wazi iache kabatini, inakula kona za nati. Tafuta mahali palipo sawa, hata kama ni kwa jirani. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa, vuta breki ya mkono, weka gia P, au gia ya kwanza kama ni manyuo, inua, weka stendi, kisha lisukume gari kwa mkono kabla ya kuingiza kichwa chini. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Jeki ya haidroliki hushuka sili ikishindwa, na haitoi taarifa.

Washa injini dakika tano tu ili oili ilegee bila kuwa ya kuunguza. Fungua kifuniko cha juu. Legeza nati kwa spana, malizia kwa vidole huku ukiisukuma juu, kisha iondoe kwa mkupuo mmoja mkono ukiwa pembeni. Acha oili ishuke dakika 15 hivi; usiogope muda huo, ndio unaokufanya uwe bora kuliko sheli. Angalia kilicho kwenye nati na kwenye karai: ungaunga wa kijivu ni kawaida, vipande vinavyoshikika kwa kucha si kawaida. Washa ya zamani, ile pete nyembamba ya kuziba kati ya nati na sampu, mara nyingi imegandia kwenye nati au kwenye sampu. Ibandue, weka mpya. Ya Toyota inauzwa kwa namba 90430-12031, ni ya nyuzi za mm 12, na bei yake ni kitu cha kusahaulika ukilinganisha na oili inayodondoka usiku kucha.

Nati inakazwa kwa Nm 37 hivi. Kama huna spana ya kipimo, chukua spana ya sentimita 15 na vuta kwa mkono mmoja bila kuning'inia: nguvu ya kama kilo 25 mwishoni mwa spana ndiyo hiyo. Bomba la kurefushia spana ndilo chanzo cha nyuzi nyingi zilizoliwa. Zikishaliwa, fundi anafunga tepu, anaweka gundi, halafu siku moja nati inaanguka barabarani Igurusi na injini inakwisha kabla hujaiona taa. Anza kuizungusha kwa vidole siku zote. Ikigoma baada ya mzunguko mmoja, imeingia upande, itoe.

Kwenye filta kosa kubwa ni raba. Filta ya zamani inatoka, raba yake inabaki imegandia kwenye injini, mpya inafungwa juu yake. Raba mbili hazikai. Injini ikipata presha, oili inatoka kwa kasi, na sampu inaweza kukauka kwa muda mfupi sana. Pitisha kidole kwenye kikalio, kifute kwa kitambaa safi, paka raba mpya oili kidogo, kaza kwa mkono mpaka raba iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Kikombe na spana ni vya kufungulia. Mimina lita 3.4, washa, ngoja taa izimike, angalia chini kama kuna tone, zima. Baada ya dakika tano futa stiki, pima, na ongeza kidogo kidogo hadi karibu na F.

Si kila gari la kufanyia nyumbani. Noah na Voxy za kuanzia 2007 zenye injini ya 3ZR zinachukua lita 4.2, na filta yake ni ya karatasi ndani ya kikombe chenye raba za mviringo. Bila kikombe maalumu cha kufungulia, watu huigonga kwa patasi na kuipasua. Ukimpelekea fundi, uliza kwanza kama anacho, na hakikisha raba mpya zilizomo kwenye boksi la filta zimetumika. Hilux ya D-4D inachukua lita 6.9, karai la nyumbani linafurika, na inataka oili ya dizeli, 15W-40 ya daraja la CI-4 kwa mfano. Hiyo ikiwa nyeusi baada ya siku chache usilalamike, ndivyo inavyobeba masizi. Pikipiki isiwekewe mabaki ya oili ya gari: klachi yake inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, tafuta dumu lililoandikwa JASO MA.

Dukani kagua sili ya kifuniko, namba ya toleo iliyochapwa kwenye dumu, na kama lebo imebanduliwa ikarudishwa. Dumu tupu litoboe kabla ya kulitupa, maana madumu mazima ya chapa kubwa hukusanywa na kujazwa tena. Oili chafu nayo ni taka hatarishi kisheria. Wengi huku kwetu huipaka kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa, na ni afadhali kuliko kuimwaga mtaroni ikaishia mtoni, lakini vaa glovu, kwa kuwa oili iliyotumika ina kemikali za kusababisha saratani ya ngozi, na usiipake kwenye banda la mifugo wala karibu na kisima. Isiyo na kazi ijaze kwenye dumu la zamani lenye kifuniko na uipeleke kwenye gereji kubwa yenye pipa la kukusanyia. Piga simu kwanza. Si zote zinazopokea kutoka nje.