Violator kwenye CD: lipi ununue kwanza

Violator, albamu ya bendi ya Kiingereza Depeche Mode, ina matoleo mengi ya CD sokoni, lakini kwa upande wa sauti kuna aina mbili tu: ile ya Machi 1990 na ile iliyofanyiwa rimasta, yaani rekodi ileile kutayarishwa upya, mwaka 2006. Nyimbo za albamu ni zilezile tisa, kava lina waridi lilelile jekundu, na ndiyo maana watu hudhani kununua jipya ni kununua bora. Mimi naliweka la zamani mbele, hata likiwa mtumba.

Nambari moja: CD ya 1990. Uingereza ilitoka kwa lebo ya Mute, namba CD STUMM 64. Marekani ikatoka kwa Sire/Reprise. Ukiiweka mara ya kwanza utaiona imepoa, sauti iko chini. Ongeza volyumu, ndipo utaelewa.

CD ina dari: sauti ikigonga pale haiendi juu zaidi. Fundi akitaka albamu nzima isikike kubwa, kama ilivyo kwenye rimasta, dawa yake ni kugandamiza vilele vya sauti, na vilele vya muziki huu ni midundo. Nyimbo za vinanda vya umeme huumia hapo, maana mdundo wa mashine unategemea lile pigo la mwanzo. Ukilikata kichwa, kinachobaki ni mshindo usio na uso.

Sikiliza wimbo wa Personal Jesus. Ile mishindo mizito ni ya watu waliokuwa wakirukaruka juu ya makasha ya kubebea vyombo vya muziki. Kwenye CD ya 1990 kila mshindo unatua, unakufa, kisha unapata nafasi kabla ya mwingine. Kwenye rimasta mshindo na gitaa vimekaribiana ukubwa wa sauti, kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja. Halafu nenda wimbo wa tano, Waiting for the Night, ambao karibu wote ni matone ya kinanda na sauti mbili za waimbaji. Ule ukimya unaouzunguka ndio mali yenyewe. Enjoy the Silence inapofuata unahisi umefungua dirisha, kwa sababu ulikuwa kwenye giza kweli.

Ukitaka kulinganisha mwenyewe, punguza volyumu ya rimasta mpaka sauti ya mwimbaji, Dave Gahan, ilingane kwenye CD zote mbili. Usipofanya hivyo rimasta itashinda sekunde kumi za kwanza, kila mara. Sikio hupenda kikubwa. Nililipa kwa kutojua hilo: niliishi na rimasta miaka kadhaa nikijiuliza kwa nini nikifika Policy of Truth natamani kupumzika.

Usihangaike kutafuta chapa ya nchi fulani au ya mwezi wa kwanza kabisa. CD mbili zilizotoka kwenye kanda mama moja, yaani rekodi ya asili inayonakiliwa, iliyotayarishwa vilevile zina tarakimu zilezile, hata kama moja imechapwa miaka mitano baadaye.

Nambari mbili: toleo la 2006 la Ulaya, DMCD7. Hili ni diski mbili: moja ya SACD, aina ya CD yenye sauti ya ubora wa juu inayohitaji mashine yake, lakini hii ina tabaka mbili, la SACD na la CD, kwa hiyo inachezwa pia kwenye mashine ya kawaida ya CD, na nyingine ya DVD. Uzuri wake uko kwenye miksi (mpangilio wa sauti) ya spika sita, yaani 5.1, ambayo imefanywa kwa adabu. Vinanda vilivyokuwa vimebanana katikati vinapata pa kukaa. Mwenye spika za kuzunguka chumba alipandishe liwe la kwanza. Huna mashine ya SACD? Miksi hiyo ipo pia kwenye DVD, pamoja na nyimbo sita za ziada, kama Dangerous na Sea of Sin, na filamu fupi kuhusu utengenezaji wa albamu. Lakini ukisikiliza tabaka la CD peke yake, umerudi kwenye rimasta ile ile.

Nambari tatu: la 2006 la Marekani. DVD ipo, ila diski ya kwanza ni CD ya kawaida, si SACD. Linunue kwa ajili ya DVD, basi.

Mwisho: rimasta ya diski moja. Kwenye gari lenye kelele inafaa, sitabisha. Nyumbani hapana.

Sasa, mtumba una mitego yake. Muuzaji mmoja alinionyesha picha ya kasha la 1990, mzigo ulipofika kasha lilikuwa lenyewe na ndani mlikuwa na diski ya 2006. Tangu siku hiyo naomba picha ya diski yenyewe, juu na chini, na nasoma namba iliyochapwa juu yake, si ya kwenye karatasi. Picha ya juu ina kazi nyingine pia: watu hukagua mikwaruzo upande unaong'aa tu, kumbe tabaka la data liko karibu kabisa na upande wenye maandishi. Mkwaruzo mwembamba chini mara nyingi husafishika. Ule uliochimba kupita maandishi umeondoka na muziki. Diski hiyo iache.