Tui la kupikia tom kha gai: lipi la kununua, lipi la kuacha dukani

Wanaopika tom kha gai, ile supu ya Kithai ya kuku na tui, nyumbani wana malalamiko matatu yasiyokwisha. Supu imekuwa nzito kama uji. Tui limekatika likabaki chembechembe zinazoelea. Ndimu nne zimekamuliwa na uchachu bado hausikiki. Lawama huangukia mchaichai, au galanga, ule mzizi wa jamii ya tangawizi, au mkono wa mpishi, kumbe mara nyingi kosa limenunuliwa dukani na limo ndani ya kopo la tui.

Jina lenyewe halitaji nazi kabisa. Kwa Kithai tom ni kuchemsha, kha ni galanga, gai ni kuku. Lakini nusu ya sufuria au zaidi ni tui, na kiungo kinachojaza nusu ya sufuria hakifichiki. Kwa hiyo mwongozo huu unahusu tui. Mengine nitayapitia mbio.

Geuza kopo usome mgongoni kabla hujatazama bei. Unatafuta namba hizi: E412, ambayo ni gundi ya gua, E415, ambayo ni zanthani, kisha E466, ambayo ni gundi ya selulosi, na E435, ambayo ni kiunganishi cha mafuta na maji. Watu huuliza kampuni, huuliza nchi, huuliza kama ni halali, huuliza tarehe ya mwisho. Gundi hakuna anayeiuliza, na ndiyo inayoharibu supu.

Viwanda huitia kwa sababu mbili. Ya kwanza inaeleweka: tui tupu hujitenga, mafuta yakapanda na maji yakabaki chini, na mnunuzi asiyejua hudhani limeoza akalirudisha. Ya pili ndiyo inayoniudhi. Gundi huficha maji. Tui lenye nazi kidogo likitiwa gundi kidogo tu hutoka koponi kwa uzito uleule wa kasimele, yaani tui zito la mkamuo wa kwanza, na jicho halitambui.

Kwenye wali wa nazi unaweza usione tofauti kubwa, maana mchele unameza kila kitu. Kwenye tom kha utaiona kijiko cha kwanza. Supu hii inatakiwa iteleze nyepesi mdomoni, kisha uchachu wa ndimu na chumvi ya sosi ya samaki vifike kwa pamoja. Gundi hutandaza utando juu ya ulimi na kuvichelewesha vyote viwili. Mpishi anaongeza ndimu, anaongeza sosi, anarudisha sukari ili kusawazisha, na mwisho supu imejaa kila kitu isipokuwa harufu ya galanga.

Kulipima ni rahisi. Weka kopo kwenye friji usiku kucha bila kulitikisa. Asubuhi, tui la nazi na maji tu litakuwa na tabaka gumu jeupe juu na maji ya kijivujivu chini. Tui lenye gundi litakuwa sawa kutoka juu hadi chini, laini kama losheni. Tui la boksi huonyesha tabaka jembamba kuliko la kopo, kwa sababu kiwandani hupitishwa kwenye presha inayovunja matone ya mafuta yawe madogo. Hilo si gundi, na wala halina ubaya.

Jambo la pili la kusoma ni mafuta. Kiwango cha 2003 cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kinataka tui liwe na mafuta yasiyopungua asilimia 10, krimu ya nazi asilimia 20, na tui linaloandikwa "light" asilimia 5. Maana yake tui la asilimia 10 na la asilimia 19 yote mawili yana haki ya kuitwa tui, yakakaa rafu moja kwa bei moja. Kwa tom kha tafuta asilimia 16 hadi 19. Jedwali la lishe hutaja gramu za mafuta katika mililita 100, na hiyo ndiyo asilimia yako kwa makadirio yanayotosha jikoni.

Chaguo langu la kwanza ni Aroy-D, lile la boksi la karatasi. Sisemi la kopo. Boksi lina nazi na maji, basi, na mafuta yake yamo humohumo kwenye kiasi ninachotaka. Lakini faida kubwa iko kwenye moto. Tui la kopo hupikwa likiwa limeshafungwa, kwa joto la karibu nyuzi 120 na kwa dakika nyingi, ndiyo maana lina ladha ya kupikwa na rangi inayoelekea kijivu. Tui la boksi hupitishwa kwenye joto la karibu nyuzi 140 kwa sekunde chache tu, kisha hupozwa. Harufu yake inakaribia nazi iliyokunwa leo. Kwenye mchuzi wenye bizari na vitunguu vya kukaanga usingejali. Tom kha haina kitunguu cha kukaanga wala bizari ya kufichia chochote. Linauzwa kwa mililita 250, 500 na lita moja. Nunua la 500, kwa sababu linatosha sufuria ya watu wanne na halibaki.

La pili ni nazi yenyewe, na kwa aliye Tanga, Unguja, Kilifi au Lamu, akiwa na muda, ndilo la kwanza kwa harufu. Ninaliweka la pili kwa sababu linadai mkono. Chagua nazi nzito, itikise usikie maji, tazama macho yake matatu yawe makavu yasiyo na ukungu. Maji ya kukamulia yawe ya uvuguvugu wa kuvumilika na mkono, kwani mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi na maji baridi huyaacha kwenye machicha. Kwa nazi mbili tumia mililita 300 za maji kupata kasimele, kisha mililita 400 kwa tui la pili. Usiyachanganye. Kuku achemke ndani ya tui la pili pamoja na viungo, na kasimele iingie mwishoni, moto ukiwa mdogo. Mpishi wa Pwani anaijua kanuni hii kwa samaki wa kupaka na kwa mchuzi wa pweza. Hapa inafanya kazi ileile.

Tahadhari moja kuhusu nazi iliyokunwa kwa mashine sokoni. Ikikaa kwenye beseni juani saa tatu au nne huanza kuchacha, na uchachu huo haufanani na wa ndimu: unaacha harufu ya sabuni. Nusa kabla ya kulipa. Ukiona vipande vingi vya kahawia, mashine imekula hadi ganda, na tui litakuwa chungu kidogo.

La tatu ni Chaokoh, kopo la mililita 400. Wathai wengi hulipikia na mafuta yake yanatosha. Viambato hubadilika kulingana na nchi linakouzwa, kwa hiyo soma kopo lililo mkononi mwako, usitegemee uliyosoma kwenye kopo la mwenzako aliye Muscat au Toronto. Ukikuta metabisalfaiti, yaani E223 au E224, fahamu kwamba imewekwa kulinda weupe. Haiharibu uzito wa supu, ila mwenye pumu inayochochewa na salfaiti ajihadhari.

Mae Ploy ni tui zuri ambalo watu hulinunua kwa kazi isiyo yake. Ni zito, limejaa mafuta, na linafaa pale unapotaka krimu ikatike makusudi ili ukaangie viungo vya kari ya kijani. Kwenye tom kha lipunguze kwa maji, sehemu tatu za tui kwa moja ya maji, la sivyo mafuta yataelea juu kama kwenye supu ya mkia wa ng'ombe.

Ukikuta krimu ya nazi tu dukani, usikate tamaa: mililita 250 za krimu yenye mafuta asilimia 24 ukiziongezea maji mililita 150 unapata mililita 400 za tui la asilimia 15. Lakini hakikisha ni krimu isiyo na sukari. Ile ya vinywaji ina sukari nyingi na itakupa kitindamlo chenye kuku.

Za bei nafuu zisinichukulie nafasi. Poda nyingi za tui zina maltodekstrini, yaani wanga wa kiwandani, na protini ya maziwa ya ng'ombe, hivyo mwenye mzio wa maziwa asome vizuri. Kwa dharura vijiko vinane kwa mililita 400 za maji ya moto vitasaidia, na supu itakuwa tamu bila ndimu kuikata. Tofali la nazi lina nyama ya nazi iliyosagwa humohumo, linaacha unga kwenye meno. Tui la "light" ni tui lililoongezwa maji kiwandani, na bomba lako linatoa maji hayohayo. Kinywaji cha nazi cha kunywea na nafaka si tui.

Sasa sufuriani, maana hata tui zuri huuawa jikoni. Kwa watu wanne: mililita 500 za tui, mililita 350 za supu ya kuku isiyo na chumvi, gramu 450 za mapaja ya kuku bila mfupa, gramu 50 za galanga iliyokatwa vipande vyembamba, mashina matatu ya mchaichai yaliyopondwa, majani sita ya ndimu ya makrut yaliyochanwa katikati, gramu 200 za uyoga, pilipili kichaa tano zilizopondwa, sosi ya samaki vijiko vikubwa viwili na nusu, sukari kijiko kidogo, na maji ya ndimu vijiko vikubwa vitatu.

Chemsha supu ya kuku na nusu ya tui pamoja na galanga, mchaichai na majani kwa dakika kumi. Tia kuku, dakika sita au saba. Tia uyoga na tui lililobaki, dakika tatu, moto mdogo, uso wa supu utetemeke tu bila kutokota. Sosi ya samaki na sukari. Zima moto, subiri dakika moja, ndipo ndimu na pilipili viingie. Kotmiri juu, ambayo Nairobi wanaiita dania.

Ndimu haiingii motoni kwa sababu hii: matone ya mafuta kwenye tui yamezungukwa na protini za nazi zinazoyazuia yasiungane. Joto likipita nyuzi 80 hivi protini hizo huanza kuganda, na asidi ya ndimu inazisogeza pale zinapoganda kwa urahisi zaidi. Ukivitia vyote viwili kwa mkupuo, zinajikusanya na kukuachia chembechembe. Tui lenye gundi huvumilia zaidi, ni kweli, na wauzaji hulisifia kwa hilo. Lakini dakika moja ya kusubiri inafanya kazi hiyo bure. Vitone vichache vya mafuta juu ya supu si kosa, hata Bangkok utaviona. Kosa ni chembe nyeupe zinazosikika ulimini.

Galanga usiibadilishe na tangawizi. Tangawizi inawasha, galanga ina harufu ya msonobari na ndimu. Iliyogandishwa inafaa kabisa. Iliyokaushwa iloweke dakika 20 kwanza. Vipande haviliwi, mjulishe mgeni. Sosi ya samaki, ukiipata ya chapa ya Megachef, chukua.

Narudi dukani, kwa sababu bei zinauma. Ukanda wetu wa Pwani umejaa minazi, lakini rafu za supamaketi Dar es Salaam na Nairobi zimejaa makopo yaliyovuka Bahari ya Hindi, na tui la hapa likipatikana, mara nyingi halijaandikwa asilimia ya nazi. Mtu anayetaka kulipa zaidi kwa tui la nyumbani lililo bora hapewi njia ya kulitambua. Halafu kuna stika ya muingizaji inayobandikwa juu ya orodha ya viambato. Hiyo inatakiwa kukataliwa palepale kaunta. Mnunuzi ana haki ya kujua anachokula, na stika ingeweza kuwekwa ubavuni. Kopo lililobonyea kwenye mshono usilichukue hata kwa nusu bei, na lililovimba mwambie mwenye duka aliondoe.

Ukilinganisha bei, usilinganishe kopo kwa kopo. Zidisha mililita kwa asilimia ya mafuta, gawa kwa 100, kisha gawa bei kwa jibu. Mililita 400 za asilimia 17 zina gramu 68 za mafuta ya nazi. Mililita 400 za asilimia 6 zina gramu 24. Kopo la pili likiuzwa nusu ya bei ya la kwanza bado umelipa zaidi kwa kila gramu, na tofauti hiyo ni pesa ya maji na gundi.

Tui likibaki, lihamishie kwenye chupa au bakuli lenye kifuniko, usiliache koponi. Friji hulihifadhi siku tatu. Kwenye friza ligandishe kwa trei ya barafu. Likiyeyuka litaonekana limekatika, lakini likipashwa taratibu huku unakoroga hurudi vizuri kiasi cha kufaa kwa ile nusu ya kwanza inayochemka na galanga. Kwa nusu ya mwisho fungua jipya.