Darasa la Kivietinamu la Zoom: somo la gượng, ngượng na sượng limenikosha

Wadau mnaouliza kama hili darasa lina thamani ya hela yake, mi nasema ndio, na ntawaeleza kwa somo moja tu, lile la maneno ya mtu anapofanya kitu kwa kujilazimisha. Mwalimu ni mdada wa Hanoi, wanafunzi wengi tuko kwenye korosho na Wavietinamu ndo wanunuzi wetu wakubwa wa korosho ghafi, so tunataka lugha ya kukaa na watu mezani sio ya kuagiza chai tu.

App za bure zinakumwagia maneno kibao bila maelezo. Huyu dada anaanza na matatu yanayofanana mwisho, gượng, ngượng na sượng, na hapo Mswahili ana bahati bwana, g ya kwanza ni kama gh ya ghali na ng ni ile ile ya ng'ombe, wazungu tulio nao darasani ndo wanatoka jasho. Kazi ipo kwenye toni, yote matatu yana nặng, ile ya nukta chini ya herufi, sauti inashuka halafu inakatwa ghafla, na hakuachii mpaka ukae sawa.

Gượng ni kujikaza wakati mwili au moyo hautaki: mgonjwa anayejikongoja kuinuka kitandani ni gượng dậy, anayetabasamu huku kakereka ni cười gượng. Ngượng ni kuona haya. Sượng ni la jikoni, kiazi kimechemshwa na bado kigumu, ila vijana wanasema sượng trân pale mtu katoa utani hakuna aliyecheka mkabaki mnaangaliana.

Sasa kilichonifanya niseme hela imeenda kihalali ni alivyotenganisha gượng gạo na giả tạo. Mwenyeji anakujazia bakuli, umeshiba, unatabasamu kwa shida: wakisema gượng gạo wamesema tu hauko huru, hakuna anayelaumiwa. Giả tạo ni kukuita mnafiki, na hilo mtu halisahau!! Yaani ukiyachanganya mbele ya mteja umeharibu biashara. Halafu kuna giả trân, kuigiza mpaka kila mtu anaona unaigiza, na miễn cưỡng, kukubali shingo upande, hili ukilisikia kwenye maongezi ya bei jua mwenzio hajaridhika kabisa. Mi nalolipenda zaidi ni khách sáo, zile heshima za ugeni zilizopitiliza, wakikwambia đừng khách sáo ujue wanakukaribisha kweli, jiachie ule.

Ubaya upo. Matamshi yote ni ya Hanoi wakati korosho ziko kusini, upande wa uliokuwa mkoa wa Bình Phước (tangu 2025 umeunganishwa na Đồng Nai), na kule giả inaanza kama y wakati Hanoi ni kama z, ukiongea na mtu wa kiwandani masikio yanagoma. Waweke mwalimu wa kusini jamani, hata mara moja moja. Rekodi nazo wanafuta mapema mno, ukiwa safarini ndo basi.

Nyota nne kati ya tano. Wako mbele yetu masaa manne, kipindi chao cha saa mbili usiku kwetu ni saa kumi jioni, so kama unatoka kazini saa kumi na moja omba kundi la wikendi kabla halijajaa.